Masikio ya Tajeu

Sokon I, Arusha
4 Februari 2024

Mdogo wangu Elirehema,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia huko uliko. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako ana mafua ya vumbi, na binti zangu wako vyuoni, wakipiga simu ujue kuna shida. Mama anaendeleaje na miguu? Mwambie namletea yale mafuta ya kuchua. Mwambie pia asiwe na haraka ya kwenda. Mimi ndiye mwanawe wa kwanza, udongo wa kwanza kaburini kwake nitatupa mimi, na mwezi huu sina nafasi. Najua atacheka.

Nimelazimika kushika kalamu kwa ajili yako kama mtoto wa darasa la nne. Wenzetu wanapigiana simu, lakini kukupigia wewe ni sawa na kumpigia mbuzi, na meseji nazo unasema vidole vyako havivioni vitufe. Basi barua hii nimempa Agnela, yule mama jirani yenu anayeleta maziwa mjini.

Jambo lenyewe ni dogo. Bariki, aliyeshika mashine baada yako, ameacha kazi bila hata kuaga. Nyundo zangu za umeme, ile kubwa ya kubomolea na ile ndogo ya kutobolea, zimelala stoo wakati mji mzima unabomolewa. Kila mwenye nyumba ya zamani pale Daraja Mbili siku hizi anataka ghorofa. Namtaka kijana wako Tajeu. Amemaliza kidato cha nne na sasa anachunga ng'ombe unaoweza kuwahesabu mbavu. Mimi Mungu hakunipa mtoto wa kiume, lakini mtoto si wa mtu mmoja, ni wa ukoo. Nimeshaongea na shemeji Nalepo kwenye simu na amefurahi. Wewe nakuandikia kwa heshima tu.

Kaka yako,
Simel


Oldonyo Sambu
25 Februari 2024

Kaka Simel,

Shikamoo. Mama yupo. Miguu imevimba lakini mdomo bado mkali, na anakusalimu. Hatujapanda mahindi, tunangoja mvua. Nalepo ni mzima, Yona anaendelea na shule. Redio uliyonipa siku ile uliponirudisha nyumbani bado inafanya kazi, Nalepo anasema inasikika vizuri sana. Katika dunia hii ni wewe peke yako unayeweza kumpa kiziwi redio halafu ukasimama kungoja ashukuru.

Tajeu haji.

Sababu unaijua, lakini nitaiandika ili usiseme hukuambiwa. Nimeshika mashine zako miaka mingi na hukunipa kitu cha kuweka masikioni zaidi ya pamba. Leo nasikia kwa shingo za watu. Nikiwa kanisani nikaona shingo zimegeuka, najua kuna sauti mlangoni, nami nageuka, nimechelewa, watoto wananicheka. Asubuhi baridi ya mlima ikishuka vidole vyangu vinakuwa vyeupe kama vya maiti, inabidi nikumbatie kikombe cha chai mpaka damu irudi. Kalamu hii naishika kwa ngumi.

Halafu kuhusu Bariki. Agnela amemwambia Nalepo kwamba Bariki hakuacha kazi. Mashine ndogo ilinasa kwenye nondo ndani ya zege, ikazunguka na mkono wake, kifundo kikavunjika. Kile kishikio cha pembeni kilikatika enzi zangu nikakuonyesha. Je, ulikitengeneza?

Nasema tena, Tajeu haji. Mafuta ya mama tunayasubiri.

Mdogo wako,
Elirehema


Sokon I
17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Natumaini mvua imefika, maana huku matope ni ya kukata kwa panga. Shemeji yako amepona mafua. Binti yangu mkubwa ana mchumba, mrefu, mpole, sijui atakula nini na upole huo.

Tajeu yuko hapa. Wewe ulipokuwa unaandika kwa ngumi, yeye alikuwa anafunga begi. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemsindikiza mpaka barabara ya Namanga. Nasikia walipita nyuma yako pale zizini wakiongea kwa sauti ya kawaida kabisa, na wewe ukaendelea kumkamua ng'ombe. Nimecheka mpaka shemeji yako akanigombeza. Usimlaumu Nalepo. Kijana mwenyewe alitaka, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ingawa kwako wewe nakubali kwamba una udhuru.

Anakula vizuri. Ana mabega ya marehemu baba. Siku ya kwanza tu alipoishika ile mashine kubwa mafundi waliacha kazi wakamtazama.

Simel


Oldonyo Sambu
14 Aprili 2024

Kaka Simel,

Shikamoo. Mvua imenyesha na mahindi yamechipua. Mama anauliza kama mafuta yake yanatoka Ulaya kwa miguu. Tangu ifike barua yako sijasema neno na Nalepo, na nadhani kwake ni mapumziko.

Sitakutukana leo. Mtoto yuko mikononi mwako na mimi nakuomba. Msomee Tajeu haya, au mpe ayasome mwenyewe, kwa sababu wewe unaruka mistari.

Kabla hajagusa ukuta aulize umeme na maji vinapita wapi ndani yake. Chumba anachobomoa kizimwe umeme, achukue wa chumba kingine kwa waya mrefu, na waya wenyewe aukunjue wote. Ukiachwa umejiviringa unapata moto mpaka plastiki inayeyuka, mimi niliuona. Tindo aifute mkia, apake grisi kidogo, aiingize mpaka ilie, kisha aivute kwa nguvu. Isipotoka ndiyo imeshika. Wengi hawaivuti, na tindo inamtoka mtu kama mkuki.

Asiilalie mashine. Najua mabega unayoyasifia, na mwenye mabega ndiye anayekosea zaidi, anaisukuma akidhani itakula haraka. Uzito wa mashine unatosha. Ukiiegemea haiongezi kazi, mtetemo unahamia kwenye mifupa yako. Kazi yake ni kuiongoza tu, aanzie ukingoni na kung'oa vipande vidogo vidogo. Tindo akiizamisha katikati ya zege itanasa, na ikinasa asiikunje kama mtu anayeng'oa muhogo. Achomoe plagi kwanza, atoe mashine, aweke tindo nyingine na avunje pembeni ya ile iliyonasa.

Ukuta unabomolewa kutoka juu kushuka. Wapo wanaokula chini ili uanguke wenyewe, wengine wameangukiwa. Lenta, ile zege ya juu ya mlango, asiiguse kabla haijawekewa nguzo. Ile mashine ndogo ikigonga nondo inageuka na mkono, kwa hiyo kama kishikio cha pembeni bado hakipo, asiishike kabisa. Avae miwani na barakoa, na amwagie kifusi maji kidogo, ila maji yasiikaribie mashine. Avae glavu. Apumzike kabla vidole havijaanza kufa ganzi, asingoje vife.

La mwisho ni masikio. Wanauza vile vifuniko vigumu vinavyobana kichwa. Pamba haisaidii, mimi ni ushahidi. Chumba kikiwa kimefungwa sauti inagonga ukuta na kukurudia. Nijibu hili moja tu, mengine yote uyaache: je, anavyo?

Elirehema


Sokon I
9 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa sababu kazi ni nyingi na Agnela alikuwa mgonjwa. Binti tumemtolea neno, harusi itakuwa mwakani. Mama namletea mafuta mwenyewe, mwambie atulie.

Barua yako tuliisoma saa ya chai, mafundi wote wakiwepo. Nilisimama juu ya ndoo nikaisoma kwa sauti ya mwinjilisti. Ile sehemu ya muhogo iliwamaliza. Ila tuseme ukweli, tindo ilinasa kweli wiki iliyofuata kwenye msingi wa choo cha zamani, na Tajeu akafanya kama ulivyoandika, ikatoka. Basi hukula chumvi bure.

Unakumbuka siku aliyotahiriwa? Alisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, na wewe ukazunguka boma kwa boma unatangaza kama mwenye tangazo la mnada. Unywe wewe, wanywe jirani, mtoto wangu hakupepesa! Nimewasimulia mafundi hadithi hiyo na sasa wanamwita Hapepesi. Ikitokea akashika miwani wanamuuliza kama kisu kimerudi. Basi siku hizi hashiki kitu. Anaingia kwenye kile chumba chenye vumbi na kelele uso mtupu, kichwa wazi, anatoka mweupe kama aliyeangukiwa na gunia la unga, na wenzake wanampigia makofi. Mimi simkatazi wala simlazimishi. Ni mwanaume.

Ng'ombe wanaendeleaje? Yona anasoma? Amekuwa mrefu kiasi gani?

Simel


Oldonyo Sambu
30 Juni 2024

Kaka Simel,

Shikamoo. Mama amelala wiki nzima ila leo ameomba uji. Maharage yamepigwa na baridi. Yona ni mrefu, na urefu wake haukuhusu.

Nilikuuliza jambo moja, ukanijibu harusi.

Tajeu alisimama mbele ya kisu kwa sababu kisu ni mara moja, kidonda kinapona, na anakunywa maziwa na damu. Hiyo mashine inamngoja kila asubuhi. Wewe ni wa kwetu, unajua kijana wa rika lake hawezi kujifunika mbele ya wenzake kwa hiari yake, afadhali afe. Lakini unajua na hili: kwetu kijana akivalishwa kitu na mkubwa, hakuna anayemcheka, kwa sababu ametii. Wewe ni baba yake mkubwa. Neno lako moja mbele ya mafundi linatosha.

Nimeuza beberu. Agnela amenunua vile vifuniko duka la vifaa vya ujenzi, vyekundu, na anakuletea pamoja na barua hii. Mvalishe kwa mikono yako, wakiona wote. Sikuombi kitu kingine mpaka nife.

Na kama ukishindwa hata hilo, basi nitasema kile ambacho watu wote huku wanakisema ukiwapa mgongo. Mungu alikunyima mtoto wa kiume kwa sababu alikuona. Sasa unazunguka kukopa masikio ya wangu.

Elirehema


Sokon I
13 Oktoba 2024

Elirehema,

Nimekaa miezi bila kukujibu ili nisije nikakulaani, na bado naona nilikuwa mwepesi wa kusamehe. Shemeji yako aliisoma barua yako akalia. Umemfikiria yeye aliyezaa wale mabinti?

Basi sikiliza, kama naruhusiwa kutumia neno hilo. Vifuniko vilifika. Ni vizuri kweli, Agnela ana jicho. Nilimwonyesha Tajeu, mafundi wakaguna, akaangalia chini, nami sikuona sababu ya kumwaibisha mtoto wa watu. Kwa hiyo ninavivaa mimi. Ninapokaa pale saiti kelele zinaniumiza kichwa, na mwenye mashine akiumwa kichwa kazi haiendi. Vinabana vizuri, kumetulia kabisa humo ndani, mtu unaweza hata kusinzia. Si nilikwambia mtoto ni wa ukoo? Basi na masikio ni ya ukoo. Mimi ndimi mkubwa wa ukoo.

Sikuchukii, ndiyo maana nakuja Krismasi na wote. Nitaleta mbuzi, mchele, na mafuta ya mama. Tajeu utamwona mwenyewe alivyonenepa, halafu utaniomba radhi mbele ya mama.

Simel


Oldonyo Sambu
5 Januari 2025

Kaka Simel,

Shikamoo. Mama anachua miguu na mafuta yako, amesema yananukia. Mbuzi alikuwa mnono. Nalepo anashukuru kwa mchele.

Nilikuwa nimejiandaa kukuomba radhi. Tajeu alishuka kwenye gari amejaa kifuani, amevaa shati jipya, akainamisha kichwa nikamgusa utosi kama inavyopasa, na nikaona nimekuwa mjinga na nimemtukana kaka yangu bure. Nilikuwa nangoja tu watu washibe ndipo nisimame niseme.

Tulikaa uani kwa duara, unakumbuka. Wewe upande wa zizi, binti zako na yule mchumba mpole, Yona, Nalepo akipakua loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando. Tajeu alikaa mbele yangu, mgongo wake ukielekea jikoni. Alikuwa ananionyesha kwa mikono jinsi anavyong'oa zege, tena vizuri, hailalii mashine, anaiongoza. Nikafurahi. Mara nikaona shingo zimegeuka. Yona aligeuka, binti zako wakageuka, wewe ukageuka na mfupa mdomoni, hata mbwa aliyelala akainua kichwa. Nilijua kuna sauti jikoni. Ila Tajeu hakugeuka. Aliendelea kunionyesha.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jiko ameshika ukuta, na mdomo wake ulikuwa unaita Tajeu, jina ambalo nimeliona midomoni mwake tangu sijawa kiziwi. Aliita, akangoja, akaita tena. Ni bibi yake aliyemlea. Shingo zikaacha kumwangalia mama, zikamwangalia Tajeu. Ndipo naye akaona watu wanamwangalia, akatabasamu, akageuka, amechelewa. Binti yako mdogo alicheka. Ule mgeuko naujua, Simel. Ni wangu.

Wewe ulinitazama, kisha ukaangusha macho kwenye sahani ukaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yako.

Asubuhi nilimwona Tajeu anakumbatia kikombe cha chai.

Mwachie mtoto aje nyumbani. Sina tusi lingine, yote nilishayatumia.

Elirehema


Sokon I
9 Februari 2025

Mdogo wangu,

Hatujambo. Maandalizi ya harusi yanatumaliza, na gauni peke yake ni habari nyingine. Salamu kwa mama, namwombea nguvu ili mwaka huu auone.

Nimemrudisha Tajeu, nadhani mmekwisha onana. Si kwa sababu ya maneno yako. Mafundi wakimwita hageuki, juzi nusura ukuta umwangukie mtu kwa sababu alipigiwa kelele asimamishe mashine na yeye akaendelea. Mtu wa namna hiyo ni hatari kwa wenzake saiti, hilo hata wewe fundi mkubwa utakubali. Nimempa godoro. Redio safari hii sikutoa, nisije nikatukanwa.

Sasa mashine zimelala tena na wateja wananipigia. Yona anamaliza shule mwaka huu, na kwenye Krismasi nilimtazama, mabega yanakuja. Tena yeye si mbishi kama kaka yake, atakubali kuvaa. Kile kishikio cha pembeni nitakitengeneza. Shemeji Nalepo sijampigia, naona nianze na wewe mara hii, ili usiseme nimepita nyuma yako.

Simel


Oldonyo Sambu
2 Machi 2025

Kaka Simel,

Shikamoo. Mvua imewahi. Ng'ombe mweusi amezaa jike. Tajeu anachunga, nimempa mbwa yule mkubwa ili awe anamtazama masikio.

Barua yako Agnela alimkabidhi Yona mkononi, na Yona akaisoma kwa sauti uani kama tulivyozoea kumsomea mama. Nilisahau kumwambia asifanye hivyo. Mimi na Tajeu tulikaa tukiutazama mdomo wake mpaka tukaona unatetemeka, ndipo tukachukua karatasi tukasoma wenyewe. Mama yeye alikuwa ameshasikia yote. Unajua masikio yake, hayajawahi kuumwa.

Alimwambia Yona arudie pale penye mabega. Akarudia. Akaomba fimbo yake, akasimama, akazunguka mpaka pale chini ya ukuta wa zizi alipolala baba, akasimama kidogo, akarudi. Hakulia wala hakulaani, usiogope. Alisema maneno machache na Yona ameniandikia kama alivyoyasema.

Amesema mlango wa boma haufungwi kwa mtoto wake. Siku yake ikifika uje, upewe kiti, ule, ukae pamoja na wageni wa mbali. Udongo wa kwanza kaburini hutautupa wewe. Ametupangia. Atautupa Tajeu. Mchungaji ameshaambiwa, na wazee wa rika lako wameshaambiwa, wamekubali. Nalepo alimwuliza kama hasira ikipoa atabadili neno, na mama akamjibu kwamba yeye hana hasira.

Yona haji. Vile vifuniko vyangu vyekundu sivitaki, baki navyo. Vivae siku hiyo, kwa sababu ule udongo utausikia ukiangukia sanduku la mama yako, na Tajeu hatausikia.

Elirehema